Anga Nalo Lina Wenyewe

Watu wengi wakisikia neno ndege hufikiria ile kubwa ya abiria, yenye wahudumu na mikanda na chai katika vikombe vidogo. Hiyo sina haja nayo hapa. Ninayotaka kuizungumzia ni ndege ndogo, ya mtu mmoja, wawili au wanne, inayorushwa na mwenyewe kwa kujifurahisha au kwa shughuli zake binafsi, kama vile mtu mwingine anavyopanda pikipiki kwenda shambani. Historia ya watu hao katika Afrika ya Mashariki ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na ndani yake limo swali ambalo limenisumbua tangu nilipokuwa mwalimu kijana: mtu anayejihatarisha mwenyewe, kwa fedha yake mwenyewe, serikali inamdai nini?

Niseme mapema kwamba mimi si rubani. Nimepanda ndege ndogo mara nne tu maishani, na mara zote nilifumba macho wakati wa kutua. Lakini nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu kilichopakana na kiwanja cha ndege cha nyasi, na mtu akikaa miaka kumi na mmoja jirani na jambo, hata kama si lake, hana budi kulijua kidogo.

Katika habari hii sheria ilitangulia na ndege zikafuata. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wanasheria wa Ulaya walibishana kama anga ni huru kama bahari kuu, au ni mali ya nchi iliyo chini yake. Vita ndivyo vilivyomaliza ubishi huo. Hata sisi huku tulionjeshwa: mwaka 1915 Waingereza walileta ndege kuitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, na nadhani wakulima wa mpunga wa Rufiji walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika sehemu hii ya dunia kuitazama ndege kwa hofu. Baada ya vita hapakuwa na dola iliyokubali kwamba mgeni anaweza kupita juu ya nyumba yake bila kupiga hodi. Mkataba wa Paris wa tarehe 13 Oktoba 1919 ukakata shauri: kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Ndege iwe na uraia, iandikwe herufi ubavuni, iwe na hati ya kuthibitisha kwamba inafaa kuruka, na rubani awe na leseni. Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1920, na kwa amri zilizotoka London sheria hiyo ikaenezwa katika makoloni. Kwa hiyo Mwafrika wa Nyeri na mlowezi jirani yake walikuwa tayari chini ya sheria ya anga kabla hata ya kuona ndege ya mtu binafsi.

Ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya ilikuwa ya aina ya DH.51 ya kampuni ya de Havilland. Ililetwa kwa meli hadi Mombasa mwaka 1925 na mlowezi mmoja wa ukoo wa kilodi kutoka Ireland, John Carberry. Herufi zake zilikuja kuwa VP-KAA, na jina lake la heshima lilikuwa Miss Kenya. Ajabu ni kwamba bado ipo. Ilirudishwa Uingereza katika miaka ya 1960, na inatunzwa katika mkusanyiko wa Shuttleworth, huko Old Warden. Ni trekta ngapi za mwaka 1925 zingali nzima leo?

Mwaka 1927 marubani wa Nairobi na rafiki zao waliunda klabu, Aero Club of East Africa, ambayo mpaka leo ina makao yake katika Uwanja wa Wilson. Ilikuwa klabu ya Wazungu. Katika miaka hiyo Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba trei. Hata hivyo, kwa jambo ninalolizungumzia, klabu ile ni muhimu. Sheria ilikuwa London, na London ni mbali. Aliyeweza kumzuia kijana asipande ndege asubuhi ya Jumapili akiwa bado na usingizi wa karamu ya Jumamosi hakuwa afisa yeyote bali mwenzake wa klabu. Na mazuio hayo hayakutosha. Mwezi Machi 1928 Maia Carberry, mke wa yule mwenye Miss Kenya, alikuwa angani Nairobi pamoja na mwanafunzi wake, Dudley Cowie. Ndege ikaanguka, wakafa wote wawili. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mdogo. Klabu ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Mwaka uliofuata bibi mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways, na rubani wake mkuu akawa Tom Campbell Black. Uwanja wa Wilson umepewa jina lake tangu mwaka 1962. Hapo ndipo tofauti kati ya ndege ya kujifurahisha na ndege ya biashara ilipoanza kuonekana waziwazi. Sheria ya wakati ule ilitoa leseni za namna mbili: ya herufi A kwa anayeruka kwa mambo yake mwenyewe, na ya herufi B kwa anayechukua watu au mizigo kwa malipo. Mwenye A aliweza kumpakia rafiki yake, ila hakuweza kumtoza nauli. Beryl Markham, aliyefundishwa kuruka na huyo Campbell Black, alipata leseni yake ya biashara mwaka 1933, na mwaka 1936 akavuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mpaka Kanada, akiupinga upepo. Watu humkumbuka kwa bahari ile. Mimi humkumbuka kwa leseni, kwa sababu mtahiniwa wa leseni ya B alipaswa kujua injini na dira na sheria zenyewe, na mwalimu ye yote hupenda kumsikia mtu aliyefaulu mtihani mgumu.

Campbell Black naye, aliyeshinda mbio za ndege kutoka Uingereza mpaka Melbourne mwaka 1934 pamoja na mwenzake C. W. A. Scott, alikufa mwaka 1936 huko Liverpool ndege yake ikiwa chini, magurudumu yamegusa ardhi, baada ya kugongwa na ndege nyingine iliyokuwa ikitua. Nalitaja hilo kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba hatari yote iko juu.

Sasa nifike kwa mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye kesi hii yote. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji maarufu, aliruka kutoka Voi kurudi Nairobi katika ndege yake ndogo ya aina ya Gipsy Moth. Alikuwa ametoka kujaribu kuwatafuta tembo kutoka angani. Ndege ilipanda, ikageuka, ikaanguka na kuungua. Finch Hatton alizikwa kwenye vilima vya Ngong, vitabu vikaandikwa juu yake, na sinema ikatengenezwa. Lakini ndani ya ndege ile walikuwamo watu wawili. Wa pili alikuwa mtumishi wake, Mkikuyu, aliyeitwa Kamau.

Nimesoma habari za ajali ile mahali pengi na aghalabu Kamau hupewa nusu ya sentensi. Mwenye ndege alijua anachokifanya, na kama angekuwa peke yake ningesema ni shauri lake na Mungu wake. Kamau je? Mtumishi anayeambiwa na bwana wake apande, atasema hapana kwa kinywa gani? Nani alimweleza kwamba chombo hiki ni cha mbao na kitambaa, kwamba kinashika moto, kwamba hata mabingwa huanguka nacho? Wapenzi wa ndege binafsi, hapa kwetu na kwingineko, wanapolalamika kwamba serikali inaingilia starehe zao, husema kila mara kwamba mtu mzima anayo haki ya kuchagua hatari yake. Nakubaliana nao kabisa. Ila katika kiti cha pili mara nyingi ameketi mtu ambaye hakuchagua, na chini, katika mashamba, wako wengine wengi.

Miaka michache baada ya msiba wa Voi ulitokea Ulaya mkasa ambao ningependa kila mwanafunzi wa uraia ausome, kwa sababu unaonyesha pande zote mbili za shauri. Mfaransa mmoja, Henri Mignet, hakuwa amesomea uhandisi wa ndege, na shule za marubani hazikumpenda naye hakuzipenda. Baada ya kujenga ndege kadhaa zisizofaa, mwaka 1933 alirusha moja iliyofaa, aliyoiita HM.14. Wafaransa wakaipa jina la Chawa wa Angani. Waingereza kwa sababu zao wakambadili mdudu, wakaiita Kiroboto. Ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele na moja nyuma, karibu yanapishana. Haikuwa na pedali za miguu. Usukani mmoja tu: ukiuvuta, bawa lote la mbele huinua uso wake na ndege hupanda, ukiulaza kando, ndege hugeuka. Mwaka 1934 Mignet alitoa kitabu chenye michoro na vipimo vyote, na kiini cha mahubiri yake kilikuwa kwamba mtu wa kawaida mwenye msumeno, gundi na subira anaweza kujenga ndege nyumbani, sebuleni kama hana banda.

Mahubiri hayo yalishika moto. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1935, ikanunuliwa na watu maelfu kwa muda mfupi. Mwezi Agosti mwaka huohuo Mignet mwenyewe alivuka mlango wa bahari kwa Kiroboto chake mpaka Uingereza na kupokewa kama shujaa. Mafundi magari, makarani, walimu wa shule (naam, walimu hawakosekani) walianza kukata mbao. Injini walitoa kwenye pikipiki na magari. Uingereza peke yake Viroboto zaidi ya mia moja viliandikishwa. Fikiria furaha hiyo, msomaji. Miaka thelathini tu nyuma, kuruka kulikuwa ndoto. Miaka mitano nyuma, ilikuwa starehe ya malodi. Sasa karani wa posta angeweza kuwa juu ya mnara wa kanisa jioni ya Jumamosi.

Serikali ya Uingereza ilikuwa na chaguo gumu. Ingedai hati kamili ya ndege kwa kila Kiroboto, isingeruka hata moja, maana gharama ya ukaguzi ingezidi bei ya ndege. Basi ikatoa kibali chepesi cha kuruka, chenye masharti. Watu walishangilia, na kwa mwaka mmoja mambo yalikwenda vema. Kisha mwaka 1936 watu wakaanza kufa. Kila ajali ilifanana na nyingine: ndege inainamisha pua, inaendelea kuinama, haiinuki tena mpaka inafika chini. Waliobaki walisema rubani alikosea. Husemwa hivyo daima.

Ukweli ulipatikana pale ndege nzima ilipowekwa ndani ya handaki la upepo, huko Farnborough kwa Waingereza na huko Chalais-Meudon kwa Wafaransa. Ikaonekana kwamba ndege ikiinama kupita kiasi fulani, upepo unaopita katika ule mwanya mwembamba kati ya bawa la mbele na la nyuma hulifanya la nyuma linyanyuke kwa nguvu zaidi. Rubani akiogopa huvuta usukani, kama alivyofundishwa, na kule kuvuta ndiko kunakoubana mwanya na kuongeza ubaya. Yaani dawa ilikuwa sumu. Hakuna mjenzi wa sebuleni, awe hodari namna gani, ambaye angeligundua jambo hilo kwa macho yake. Vibali vilisimamishwa, na Viroboto vingi vikaishia kwenye mabanda ya kuku.

Wako wanaosimulia habari hii kama ushahidi kwamba serikali ilikuwa sahihi kuwadhibiti wapenda ndege. Wako wanaoisimulia kama ushahidi kwamba serikali iliua mchezo wa maskini, kwa kuwa kasoro ile ilikuja kurekebishwa na Mignet mwenyewe akaendelea kubuni ndege hadi alipofariki mwaka 1965. Mimi naona jambo la tatu. Kwa mwaka mzima kibali kilitolewa na ofisi ambayo haikuwa imekipima chombo, kwa mjenzi ambaye hakuwa na uwezo wa kukipima. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anajua. Karatasi ilikuwapo, imepigwa mhuri, na ukaguzi haukuwapo. Nimeona mambo ya namna hiyo katika elimu mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuwacheka Waingereza.

Baada ya Vita ya Pili walijifunza. Mwaka 1946 warusha ndege ndogo wa Uingereza waliunda chama, na serikali ikakikabidhi sehemu ya kazi ya ukaguzi. Mjenzi hukaguliwa na mkaguzi wa chama hatua kwa hatua, mbao zikiwa bado wazi kabla ya kufunikwa kitambaa, na chama ndicho kinachopendekeza kibali. Chama hicho kimebadili jina mara mbili na kingali hai. Marekani, ambako Paul Poberezny alianzisha chama cha namna hiyo mwaka 1953 huko Wisconsin, walichukua njia yao: ndege iliyojengwa nyumbani huruhusiwa iwapo mjenzi amefanya zaidi ya nusu ya kazi kwa mikono yake, kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Halafu kuna sharti moja dogo ambalo nalipenda kuliko yote. Ndani ya ndege lazima libandikwe tangazo, mahali ambapo abiria ataliona, kumwambia kwamba chombo hiki kimejengwa na mtu asiye na kiwanda wala hakikutimiza masharti ya ndege za kawaida. Kisha abiria ahiari mwenyewe.

Kwetu huku mambo yalikwenda kwa njia ya pamoja. Mkataba wa Chicago, uliotiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944, ulirudia neno lile la Paris kwamba anga ni la dola, na ukaweka utaratibu mmoja kwa dunia nzima. Afrika ya Mashariki ya wakoloni ilikuwa na idara moja ya usafiri wa anga iliyohudumia nchi zote, chini ya Halmashauri Kuu tangu mwaka 1948, kisha chini ya Jumuiya. Herufi zilitofautiana: VP-K ya Kenya, VR-T ya Tanganyika, VP-U ya Uganda, VP-Z ya Unguja, baada ya uhuru zikawa 5Y, 5H na 5X. Lakini rubani wa ndege ndogo aliweza kunywa chai Wilson asubuhi na kula chakula cha mchana Seronera. Mwaka 1957 Michael Wood, daktari mpasuaji aliyerusha ndege yake mwenyewe, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa AMREF. Hivyo udaktari wa ndege, ambao umeokoa maelfu, ulitoka tumboni mwa ule mchezo wa klabu. Wanaoudharau mchezo wakumbuke hilo.

Mchezo wenyewe uliendelea kudai watu. Tarehe 10 Januari 1959 Mjerumani kijana, Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake kwa ndege iliyopakwa michirizi ya pundamilia, aligongana na tai, akafa. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1974 Alan Root na mkewe Joan walivuka Kilimanjaro kwa puto la hewa ya moto wakitokea Kenya. Walipotua upande wetu wakashikiliwa kwa muda wakidhaniwa majasusi. Kisa hicho husimuliwa ili Watanzania wachekwe. Sicheki. Mtu ameshuka kutoka mawinguni bila hodi, katika nchi iliyokuwa ikisaidia vita vya ukombozi kusini, na mgambo wa kijiji afanye nini? Ampikie chai?

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, mpaka ukafungwa, na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande wetu zikazuiwa pamoja na magari ya watalii. Kila nchi ikabaki na idara yake, wakaguzi wake wachache, na faili zilizogawanywa haraka. Mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983.

Ni katika miaka iliyofuata nilipopelekwa kwenye chuo nilichokitaja, katika nyanda za juu za kusini-magharibi. Kiwanja chetu kilikuwa na urefu wa mita mia nane hivi. Naujua kwa sababu wanachuo wa hisabati waliupima kwa kamba kama zoezi. Mara moja kwa mwezi ilitua ndege ya wamisionari ikimleta daktari, na kati ya ziara hizo iliweza kuitwa kwa redio ya parokia kumchukua mgonjwa mahututi. Wananchi waliiita ndege ya Padri, ingawa rubani hakuwa padri. Kabla haijatua ilizunguka mara moja ili watoto wawafukuze mbuzi.

Siku moja akaja afisa kutoka ofisi iliyohusika. Alikuwa kijana mpole, alitembea kiwanja chote kwa miguu, akaandika. Hakuna uzio. Mfuko wa kuonyesha upepo umechanika. Mbuzi. Njia ya watu inakatiza katikati. Akakifunga. Nilimsihi kwa saa nzima ofisini kwangu, naye akaniambia, "Mkuu, kama ndege ikigonga mbuzi na ikapinduka juu ya watoto wanaowafukuza, utaniuliza mimi nilikuwa wapi." Sikuwa na jibu.

Kiwanja kilifungwa miezi minane. Mwezi wa tano, mke wa mwalimu wangu mmoja alishikwa na uchungu usioendelea. Tulimpeleka kwa lori la chuo, saa tisa njiani, wakati wa masika. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka zaidi ya thelathini. Afisa yule alikuwa na haki. Mbuzi walikuwa wa kweli, na watoto walikuwa wa kweli. Tena mtoto yule alikuwa wa kweli. Kisichonitoka moyoni ni kwamba ofisi ilijua kufunga, wala haikuwa na fungu, fomu wala desturi ya kufungua. Barua zangu tatu hazikujibiwa. Aliyekifungua kiwanja ni mzee mmoja wa kijiji, mfugaji, mwenye mbuzi wengi kuliko wote. Aliitisha mkutano chini ya mwembe, akasema kila mbuzi atakayekutwa kiwanjani atalipiwa faini, na faini ya kwanza akailipa yeye. Wakapanda mkonge kuzunguka pande zote. Njia ya watu wakaihamisha. Wake zao wakashona mfuko mpya wa upepo kwa kitambaa cha mwavuli mwekundu. Rubani akaja kwa barabara kukagua, akatembea pale alipotembea afisa, kisha akaandika yeye kwa ofisi ile, nayo hatimaye ikatuma mtu. Mzee yule hakujua kusoma. Alikuwa amewahi kupanda ndege ile mara moja tu, akiwa amevunjika nyonga.

Tangu hapo, nisikiapo mabishano ya kama anga litawaliwe na serikali au na wanaorukia wenyewe, namkumbuka mzee yule na yule rubani, ambao hawakuwa na cheo cho chote.

Mambo ya leo yamepangwa vizuri zaidi. Kenya iliunda mamlaka yake ya usafiri wa anga mwaka 2002, Tanzania mwaka 2003, na mwaka 2007 Jumuiya mpya ikaanzisha wakala wa pamoja wa usalama wa anga ambao makao yake yako Entebbe. Hata hivyo mabishano hayajaisha, wala sioni kwa nini yaishe. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa imetoka Wilson kwenda Diani na watu 44. Ile kubwa iliweza kurudi na kutua. Mwalimu na mwanafunzi wa ile ndogo walifariki. Mara ikasemwa kwamba wanafunzi waondolewe Wilson, mahali ambapo ndege ndogo zimeruka tangu siku za yule bibi mjane. Huenda ni kweli. Lakini atakayesema hivyo aseme pia wahamie wapi, na nani atawalipia njia ya kwenda huko, la sivyo ni mambo ya kiwanja chetu tena.

Na wako vijana. Kila baada ya miaka michache gazeti la Kenya au la Tanzania huonyesha picha ya kijana wa kijijini aliyejenga ndege au helikopta kwa mabomba na injini ya gari au pikipiki. Watu humshangilia, kisha huja habari kwamba amekatazwa kuirusha, na watu huilaani serikali kwa kuua vipaji. Mimi nimesoma habari za Viroboto, kwa hiyo siilaani serikali kwa kumkataza. Naiuliza tu: baada ya kumkataza, alitumwa mkaguzi wa kumwonyesha mwanya uko wapi? Kijana yule amekwisha fanya zaidi ya nusu ya kazi kwa mikono yake.

Mjukuu wangu hajengi ndege, amenunua ndege isiyo na rubani, ile ndogo ya kupigia picha za harusi. Tanzania ilitunga kanuni za vyombo hivyo mwaka 2018, na Kenya mwaka 2020. Inabidi kiandikishwe kwa mamlaka ya anga, na kibali kipatikane pia kutoka wizara ya ulinzi. Alinijia na fomu amekunja uso. "Babu, kitu chenyewe kina uzito mdogo kuliko kuku." Nikamwambia tuisome pamoja. Tuliisoma jioni nzima, kipengele kwa kipengele, na kila kilipotajwa umbali kutoka kwa watu na majengo nilimtaka anieleze sababu yake kabla hatujaendelea. Viwili alishindwa kuvieleza, na kwa kweli hata mimi nilishindwa. Tumeviandikia barua. Harusi aliyoahidi kupiga picha ni ya mwezi ujao, na amekwisha azima ngazi ndefu kwa fundi rangi, iwapo majibu yatachelewa.